Slipu ya mwalimu na risiti ya bati: kodi ya mapato au kodi ya mauzo, ipi ina haki zaidi?

Jumamosi moja ya masika mvua ilishika Mwanjelwa, Mbeya, tangu asubuhi, na kwenye kibanda changu wakajibanza watu wawili. Kazi yangu ni kuwatunzia wafanyabiashara wadogo hesabu zao, kwa hiyo mezani hapakosi makaratasi ya kodi, na makaratasi ya kodi huwafungua watu midomo. Mmoja alikuwa mwalimu wa sekondari aliyebakiza miaka mitatu astaafu. Alikuja kutoa kopi ya slipu yake ya mshahara. Wa pili ni mama anayeleta viazi kutoka Isyonje na kuviuza kwa sado. Siku hiyo alikuwa ametoka kununua bati kumi kwa pesa ya kikoba, na risiti ya mashine ilikuwa bado mkononi, imelowa pembeni.

"Sitini na nane elfu kila mwezi, juu kwa juu, na hakuna anayeniuliza," mwalimu akasema, kidole kikiwa kwenye mstari wa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. "Yule mwenye Fuso pale nje hatoi hata senti. Wafute hii, watoze kila mtu anaponunua, kiwango kimoja. Hapo tutakuwa sawa."

Mama akacheka. "Mwalimu, shikamoo yako nimeshakupa, lakini hapo hapana. Mimi leo dirishani nimelipa arobaini na tano elfu, na mshahara sina."

Ni kweli. Risiti ilisema bati kumi, shilingi 295,000, na ndani yake VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, 45,000. Nikawaambia wakae, tuhesabu. Ninayoandika hapa ni hesabu ile, na mengine niliyoongeza baada ya kuulizwa swali hilo hilo na watu wengi.

Tofauti ya msingi ni mahali kodi inaposimama. Kodi ya mapato husimama pesa inapoingia na kuuliza: umepata nini? Kodi ya mauzo husimama pesa inapotoka na kuuliza: umenunua nini? Maswali hayo mawili yanafanana machoni, lakini kuna watu ambao kila kinachoingia ndicho kinachotoka, na kuna wengine ambao kinachotoka ni kipande tu cha kilichoingia. Ubishi wote wa haki umelala kwenye pengo hilo.

Ngazi ya PAYE, na uongo unaosemwa juu yake

Tangu Julai 2021 ngazi ya Tanzania Bara iko hivi. Shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kutoka hapo hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi milioni moja ni 25, na kinachozidi milioni ni 30. Kabla ya kupanda ngazi, mchango wa pensheni hutolewa kwanza.

Mwalimu wetu, tuseme, ana mshahara wa 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 40,000, zinabaki 760,000. Za kwanza 270,000 zinapita bure. Zinazofuata 250,000 kwa asilimia 8 zinatoa 20,000. Zilizobaki 240,000 kwa asilimia 20 zinatoa 48,000. Jumla 68,000, kama slipu ilivyosema.

Sasa huo uongo. Nimewasikia watumishi wenye shahada wakisema hawataki nyongeza kwa sababu "itanipandisha daraja la kodi nibaki na kidogo kuliko sasa." Haiwezekani. Ngazi haigeuki nyuma kutoza shilingi zilizokwisha kupita. Mwalimu akiongezwa 100,000, pensheni itachukua 5,000, na ile 95,000 iliyobaki ndiyo itakayotozwa asilimia 25, yaani 23,750. Atabaki na zaidi ya elfu sabini ambazo jana hakuwa nazo. Ukisikia mtu analia kwamba nyongeza imemmaliza, mara nyingi ni mkopo wa benki au wa bodi ya mikopo uliommaliza.

Shika na miisho miwili ya ngazi. Mlinzi wa ghala Iyunga anayelipwa 300,000 hukatwa pensheni ya NSSF, mfuko wa sekta binafsi, asilimia 10, anabaki na 270,000 kamili, na PAYE yake ni sifuri. Bosi mwenye 3,000,000 hukatwa pensheni 150,000, halafu PAYE 683,000, karibu shilingi 23 katika kila mia ya mshahara. Mwalimu ni shilingi 8 na nusu. Kwa umbo lake, hii ni kodi inayojua kutofautisha migongo.

Kodi ya mauzo ya kiwango kimoja

Hapa kuna jambo la kunyoosha kwanza. VAT yetu si kodi ya mauzo kamili ya kiwango kimoja anayoitaka mwalimu. VAT ilianza Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009, na hukusanywa kipande kwa kipande kuanzia kiwandani hadi dukani, kila mmoja akirudishiwa aliyolipa nyuma yake. Kodi ya mauzo yenyewe, kama ya majimbo mengi ya Marekani, hutozwa mara moja tu pale mnunuzi wa mwisho anapolipa. Huko Marekani wapo waliokwenda mbali zaidi: tangu 1999 umekuwa ukirudishwa bungeni kwao muswada unaoitwa FairTax, wa kufuta kodi ya mapato ya serikali kuu na kuweka kodi moja ya mauzo. Haujawahi kupita. Kiwango wanachokitangaza ni asilimia 23, na hapo fungua macho: wanahesabu kodi ndani ya bei. Bidhaa ya 77 inauzwa 100, na ile 23 ni kodi. Kwa hesabu yetu ya dukani, ya kuweka kodi juu ya bei, hiyo inakaribia asilimia 30.

Ujanja huo huo wa hesabu unatuhusu na sisi. Asilimia 18 yetu huwekwa juu ya bei, kwa hiyo ndani ya shilingi 118 unayolipa, 18 ni kodi. Katika kila mia inayotoka mfukoni kununua kitu chenye VAT, kodi ni shilingi 15 na senti kidogo. Ndiyo maana 295,000 za bati zilibeba 45,000.

Niliwachorea jedwali nyuma ya kopi iliyoharibika. Watu watatu wale wale, na mambo mawili: hali ilivyo leo, yaani PAYE pamoja na VAT kwenye baadhi ya vitu, halafu ndoto ya mwalimu, yaani PAYE ifutwe na asilimia 18 ikae kwenye kila kitu kinachonunuliwa, viazi na maharage vikiwemo. Matumizi ni ya kukadiria, wewe weka ya kwako: mlinzi anatumia 270,000 zote, mwalimu 650,000, bosi 1,500,000 na nyingine anaweka. Vitu vyenye VAT kwa leo nimeviweka 80,000 kwa mlinzi, 250,000 kwa mwalimu na 900,000 kwa bosi.

| | Mlinzi | Mwalimu | Bosi |
|---|---|---|---|
| Mshahara | 300,000 | 800,000 | 3,000,000 |
| PAYE leo | 0 | 68,000 | 683,000 |
| VAT leo | 12,200 | 38,100 | 137,300 |
| Jumla leo | 12,200 | 106,100 | 820,300 |
| Asilimia 18 kwa kila kitu, bila PAYE | 41,200 | 99,200 | 228,800 |
| Badiliko | +29,000 | −6,900 | −591,500 |

Mwalimu aliitazama safu yake kwa muda. Anaokoa elfu saba. Mlinzi anaongezewa ishirini na tisa elfu, na bosi anaondoka na karibu laki sita kila mwezi. "Na hizo laki sita serikali itazitoa wapi?" akauliza mama, ambaye hajawahi kusoma uchumi popote. Jibu ni moja: kiwango kitapanda. Kwa watu hawa watatu peke yao, ili kapu lijae kama leo, asilimia 18 ingebidi ivuke 60. Kwa nchi nzima isingefika huko, maana kodi ya mauzo inamgusa na ambaye leo hayumo kwenye PAYE, lakini ingepanda, na zile elfu saba za mwalimu zingekuwa za kwanza kuyeyuka.

Hapa wapo wanaojibu kwamba bosi naye ataitumia akiba yake siku moja, na siku hiyo atatozwa. Hoja hiyo si ya kijinga. Lakini akiba ya bosi wa Mbeya mara nyingi huenda kununua kiwanja Forest Mpya au Iwambi, na kiwanja kitupu hakina VAT. Nyingine inarithiwa, nyingine inatumika Dubai. Halafu kuna mwalimu mwenyewe. Amekatwa PAYE miaka thelathini. Ukifuta PAYE mwaka anaostaafu na kuanza kumtoza kwenye kila kilo ya mchele anaonunua kwa kiinua mgongo, umemkata mara mbili: alipopata na alipotumia. Sikumwona akilitegemea hilo. Alivua miwani.

Sado ya maharage isiyo na kodi

Kinachoifanya VAT yetu isimwangukie maskini kwa uzito wa ule mstari wa asilimia 18 kwa kila kitu ni misamaha. Mazao ya chakula ambayo hayajasindikwa hayatozwi: mahindi, mchele wa Kyela, maharage, ndizi za Tukuyu, viazi. Dawa za hospitali hazitozwi, mbolea haitozwi, ada ya shule haitozwi. Anayetumia nusu ya kipato chake kwa chakula cha sokoni anakuwa amefichwa kwa nusu hiyo. Kwa hiyo mtu akija na hoja ya "kiwango kimoja, bila misamaha, rahisi kusimamia," usisikilize neno rahisi. Sikiliza neno misamaha. Hapo ndipo sado ya maharage inapoingia kwenye mashine.

Ila usidhani aliyenunua bila risiti hakulipa. Duka lenye mauzo chini ya shilingi milioni 200 kwa mwaka halilazimiki kujisajili VAT, kwa hiyo mangi wa mtaani Ilomba hakuandikii asilimia 18. Lakini sabuni aliyoiweka rafuni ililipiwa VAT ilipotoka kiwandani na kwa muuzaji wa jumla, naye hana pa kuidai, ameifukia kwenye bei. Bibi anayenunua kipande cha sabuni cha kukatwa kwa kisu amelipa kodi, na hakuna karatasi inayomshukuru. Ndiyo sababu nakereka ninaposikia kwamba "walipa kodi" ni wenye mishahara na makampuni tu.

Mwenye Fuso

Sasa nimtendee mwalimu haki, kwa sababu lalamiko lake lina mzizi. Ngazi nzuri haina maana kama wanaoipanda ni wale tu waliofungwa kamba. Mwalimu, muuguzi, askari, karani wa kiwanda cha chai Mufindi: kodi yao inakatwa kabla hawajaiona pesa. Mwenye Fuso tatu anayepakia viazi kwenda Dar es Salaam huweza kuwa na kipato cha bosi wetu na akalipa kidogo kuliko mwalimu, kwa kuwa biashara yake inakwenda kwa pesa taslimu na daftari lake liko kichwani. Huyo, hata hivyo, hununua matairi, hununua saruji, hujenga nyumba ya ghorofa. Kodi ya mauzo inamkuta pale ambapo kodi ya mapato haijamkuta. Hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote za upande wa mauzo, na kwa mikoa yetu, ambako pesa nyingi inazunguka kwenye mbao, parachichi, viazi na mpunga bila kupita kwenye slipu, ni hoja yenye nguvu.

Lakini naye ana mlango wa kutokea. Kila mtu hapa amewahi kusikia dukani: ukitaka na risiti bei hii, bila risiti bei ile. Kwa asilimia 18 watu wanakubali bei ya pili. Kwa asilimia 30 au 40, nani ataikataa? Na ukifika Tunduma, hatua chache ng'ambo ni Nakonde, na VAT ya Zambia ni asilimia 16. Kadiri pengo la viwango linavyopanuka, ndivyo njia za panya zinavyopata wateja.

Kodi ya mapato ambayo si ya mapato

Mama alikuwa amenyamaza muda mrefu, akaniuliza swali lililonifanya niandike haya yote. "Mimi kila mwaka nakadiriwa, nalipa laki moja. Hiyo ni ya mapato au ya mauzo?"

Kwenye karatasi ni kodi ya mapato. Kwa mfanyabiashara mdogo asiyetunza kumbukumbu, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi, kati ya milioni 4 na 7 ni 100,000, na kati ya 7 na 11 ni 250,000. Soma tena: mauzo. Si faida. Anayeuza milioni 4 na laki moja na anayeuza milioni 6 na laki tisa wanalipa laki ile ile.

Mama anauza viazi vya milioni 5 hivi kwa mwaka. Ukitoa bei ya kununulia, usafiri, ushuru wa soko, viazi vilivyooza na mifuko, anabaki na kama 900,000 kwa mwaka, yaani 75,000 kwa mwezi. Laki moja katika laki tisa ni shilingi 11 katika kila mia ya faida yake. Mwajiriwa anayepata 270,000 kwa mwezi, mara tatu na zaidi ya mama, PAYE yake ni sifuri. Na mwalimu mwenye 800,000, kumbuka, ni shilingi 8 na nusu katika mia. Yaani mama wa viazi anabanwa kuliko mwalimu, kwa kodi inayobeba jina la mapato.

Mwalimu akasema, "Kumbe."

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza kodi inaitwaje na kuanza kuuliza inapima nini: kinachopita mkononi au kinachobaki. Ushuru wa mazao wa halmashauri ni mfano mwingine, na kwa nyanda hizi ni mfano unaouma. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Ni nafuu kubwa, sikatai. Lakini bado unapima kinachopita. Mkulima ameuza gunia 20 za viazi kwa 60,000, amepata 1,200,000. Mbegu, mbolea, dawa ya ukungu na vibarua vimekula 1,250,000. Amepata hasara ya elfu hamsini, na ushuru wa 24,000 upo pale pale. Sheria inamdai mnunuzi, ndiyo, lakini mnunuzi anaupunguza kwenye bei kabla hajateremka kwenye gari. Kodi ya mapato ya kweli, inayopima faida, isingemdai mkulima huyu chochote mwaka ule.

Nikifikiria kodi ya kiwango kimoja huwa naiona lumbesa. Gunia linahesabiwa moja, ushuru unahesabiwa mmoja, lakini aliyelijaza hadi likapiga kilemba anajua amebeba nini.

Wazee wetu walishaonja kiwango kimoja katika umbo lake la wazi kabisa: kodi ya kichwa. Wajerumani walianza na ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, zikafuata nyingine kwa majina mbalimbali, hadi kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003. Baba wa watu wazima wa leo, Iringa na Mbeya, walilala kwenye mashamba ya mahindi mgambo walipopita. Hapakuwa na kodi rahisi kuihesabu kuliko ile, na sijui kodi iliyochukiwa zaidi. Ya karibu yetu ni kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, iliyoanza 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na kupanda hadi 1,500 mwaka 2023 kwa nyumba ya kawaida. Nyumba ya vyumba viwili ya matofali ya kuchoma na nyumba ya kifahari isiyo ya ghorofa zinalipa sawa. Na kwa kuwa anayenunua umeme ni mpangaji, mara nyingi ndiye anayemlipia mwenye nyumba, ingawa sheria inamtaja mwenye nyumba.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kama una mshahara wa kati, kama mwalimu, kufutwa kwa PAYE kutakuvutia kwa wiki ya kwanza. Fanya hesabu ya nyumba yako kabla ya kupiga makofi: andika matumizi yote ya mwezi, pamoja na chakula na nauli, zidisha kwa 18, gawanya kwa 118. Kisha fanya tena kwa 30 kugawanya kwa 130, maana huko ndiko kiwango kitakakoelekea. Ukiwa karibu kustaafu, usihangaike hata na karatasi.

Kama unapata chini ya 270,000 kwa mwezi, kiwango kimoja kwa kila kitu hakina faida yoyote kwako, isipokuwa serikali ikurudishie pesa kila mwezi kama wanavyopendekeza wale wa FairTax kwa kila kaya. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, imetuonyesha kwamba orodha ya kaya maskini inaweza kutengenezwa. Imetuonyesha pia jinsi aliyeko hatua moja juu ya mstari anavyobaki nje akitazama.

Kama una biashara kubwa na unaweka akiba, kodi ya mauzo ni nzuri kwako, na hakuna ubaya kulisema hivyo. Wapo watakaoongeza kwamba akiba yako itajenga viwanda na kuajiri. Inaweza. Inaweza pia kujenga fremu kumi zilizofungwa.

Mimi, nikilazimishwa kuchagua moja ya kubeba mzigo mkubwa, nachukua ya mapato, yenye ngazi. Umbo lake ni sahihi, na tatizo lake ni tundu: inawakosa wenye Fuso na inawapima kina mama kwa mauzo badala ya faida. Tundu linazibika kwa kumbukumbu. Kodi ya mauzo nayo naibakiza kama msaidizi, kiwango kisipande, chakula cha sokoni kisiguswe. Kuibadilisha ya kwanza kwa ya pili ili kumkomoa mwenye Fuso ni kumpiga na mlinzi aliyesimama jirani.

Wakati kukiwa na mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo Juni 2024, uliosambaa hadi mikoani, nilisikia watu wakidai mambo mengi kwa pamoja: VAT, mashine, makadirio, ukamataji. Nilipowasikiliza wateja wangu mmoja mmoja, walio wengi hawakukasirishwa na kiwango. Walikasirishwa na kupimwa kwa jicho.

Ndiyo maana nilimwonyesha mama kipengele ambacho hakuna aliyewahi kumsomea. Mfanyabiashara yule yule wa kati ya milioni 4 na 7, akiwa na kumbukumbu, halipi laki moja. Analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo yake ya milioni 5, kinachozidi ni milioni moja, na kodi ni 30,000. Elfu sabini zinabaki nyumbani, kwa kuandika tu.

Mvua ilikuwa imepungua. Dogo wa guta alikuwa anaita kuhusu bati. Mama akasimama, akaikunja risiti yake mara nne na kuifunga kwenye pindo la khanga.

"Hapo stesheneri, daftari la kaunta wanauzaje?"

Nikamwambia bei.

"Na lenyewe lina VAT?"